Vifungo vya Maji

Majirani waliponiuliza niliwaambia nakwenda Karagwe kupeleka gauni la harusi, na haukuwa uongo. Gauni lilikuwepo, jeupe, lenye lesi kwenye pindo, nimelishona mwenyewe kwa cherehani yangu pale Bukoba. Lakini gauni lingeweza kupelekwa na dereva yeyote wa lori la kahawa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nampeleka baba yangu akaangalie maji.

Baba alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Siku moja, kabla hajamwoa mama, alikuwa peke yake katika mtumbwi, Ziwa Viktoria limetulia tuli na jua liko utosini. Akachungulia majini, akaona vitu vya mviringo visivyo na rangi, kila kimoja kama kifungo cha koti, vyenye nyuzi nyembamba pembeni, vikijikunja na kujikunjua kana kwamba vinapumua. Vilikuwa vingi mno. Alikaa akivitazama mpaka akasahau nyavu. Alipofika nchi kavu akasimulia, na kesho yake akawapeleka wenzake wakaone. Hawakukuta hata kimoja, na yeye mwenyewe hakuviona tena maisha yake yote.

Basi akawa mtu wa kuchekwa. Walimwita Petro wa Vifungo. Aliyechochea zaidi ni Mjomba Felisiani, kaka wa mama, ambaye alilisimulia jambo hilo hata siku ya harusi ya dada yake, mbele ya padri. Nyumbani kwetu shati likipoteza kifungo, mama alisema, "Mwambieni baba yenu akatuchotee kingine." Tulicheka, na Baba alicheka pia, kwa hiyo sote tulidhani hakumbuki tena kuumia.

Miaka ile bei ya kahawa ilikuwa nzuri na watu wa Karagwe walikuwa wanakuja Bukoba kushonesha. Kiangazi hicho alikuja Mama Leokadia, mwanamke mrefu wa ukoo wa wafugaji wa upande wa Kyerwa, akitaka gauni la bintiye. Alinipa vipimo vya binti kwa kamba yenye mafundo, kisha akataka na yeye nimpime gauni la mama wa bibi harusi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni, naye anazungumza habari za ng'ombe na ukame, mara akasema, "Hata ziwa letu dogo safari hii limeota macho. Ukichota maji, macho hayo yanaingia mtungini, meupe hivi, yanapepesa. Ukiyamwaga chini huoni kitu, ni maji tu." Kidogo nimeze pini.

Nilipompelekea Baba habari hiyo nilitegemea aruke. Hakuruka. Aliendelea kushona wavu wake, kisha akaniuliza, "Bado yapo?"

"Alikuwa anayaona mpaka anaondoka."

Akauweka wavu chini. "Koku," akasema, "siku hizi nimeanza kufikiri kwamba niliota. Watu wote hao wakosee, mimi peke yangu niwe sawa? Ningependa kujua kabla sijafa kama nilikuwa mwongo au la."

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hiyo alikuwa anacheka kwa ajili yetu. Iliniuma, nikaenda kumtafuta dereva siku hiyohiyo.

Mjomba Felisiani hakualikwa. Alisikia, akaja na kofia yake na kibuyu chake cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ambacho hakutengana nacho. "Nakwenda kama shahidi," akasema. "Shemeji akienda bila mimi atarudi kutuambia ameona koti zima." Baba akamwambia kwa neno letu la heshima, "Njoo, waitu. Nakuhitaji wewe kuliko mtu mwingine." Mjomba alidhani ni utani.

Siku ya kuondoka, kabla ya jua, tulipanda lori nje ya soko. Nilikaa mbele na dereva kwa sababu ya gauni, nimelilaza mapajani ndani ya shuka. Wazee walikaa nyuma juu ya magunia matupu, na kila lori lilipopunguza mwendo niliwasikia wakibishana, kwanza kuhusu mvua, kisha kuhusu nani alimfundisha mwenzake kuogelea. Migomba ilitusindikiza njia nzima, kijiji baada ya kijiji. Pale Kyaka tulishuka kunyoosha miguu na tukautazama mto Kagera. Mjomba akasogea ukingoni, akachungulia, akasema kwa sauti ya kanisani, "Vifungo sivioni. Labda zipu." Dereva alicheka sana baada ya kueleweshwa, na tangu hapo naye akawa upande wa Mjomba.

Baada ya Kyaka nchi inabadilika. Vilima vinakuwa virefu na vya majani matupu, upepo una baridi, na unaona mbali kuliko macho yalivyozoea kwetu. Mimi mtu wa migombani nilijisikia kama nimevuliwa kanga barabarani. Lakini ni nchi nzuri, nakiri. Baba aligonga paa la lori ili nitoe kichwa, akanionyesha kundi la ng'ombe kwenye mgongo wa kilima, pembe zao ndefu zimesimama dhidi ya mbingu. Alifurahi kama vile yeye ndiye aliyewachunga.

Mchana tulifika Nyaishozi, ambako lori lilikuwa na mzigo wa kupakia. Ilikuwa nje ya njia yetu, ila mwenye lori ni yeye. Tulisubiri kwenye duka moja kando ya barabara, na mwenye duka, mama wa Kiluteri aliyehamia kutoka Muleba, akakataa tukae na njaa. Alitupa ndizi zilizopikwa pamoja na maharage mabichi, mekundu, laini. Mjomba alirudia mara mbili na akausifu mkono wa mpishi mpaka mimi nikaona haya. Kumbukeni maharage hayo.

Usiku huo tulilala hapo Nyaishozi, na kesho yake asubuhi tukala kiporo cha maharage yaleyale kabla lori halijageuza kuelekea Kyerwa. Lilituacha njia panda alasiri, tukamalizia kwa miguu kati ya nyasi zilizokuwa zinafika kiunoni. Baba alitangulia. Sikuwahi kumwona akitembea haraka namna ile tangu nikiwa mtoto.

Kwa Mama Leokadia tulipokelewa kama ndugu. Tulisema shikamoo na marahaba, tukaulizwa habari za Bukoba mpaka mtu wa mwisho, tukapewa buni za kahawa za kutafuna kama ilivyo desturi ya kwetu na ya kwao. Binti alivaa gauni akazunguka uani, na mama yake akagusa lesi kwa ncha ya kidole, nikajua nimelipwa. Kisha vikaletwa vibuyu vya maziwa, vyeusi, vimefukizwa kwa moshi wa majani yenye harufu nzuri. Baba alipenda maziwa kuliko kitu chochote duniani, na kwetu ziwani maziwa ya namna ile hatukuyaona. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

Mama Leokadia alishika kibuyu bila kukifungua. "Samahani, wazee wangu," akasema. "Leo mmekula maharage? Au samaki?" Akaona nimeshangaa, akanieleza. Kwa wafugaji wa zamani, mtu aliyekula maharage au samaki hanywi maziwa siku hiyo, maana ng'ombe aliyetoa maziwa hayo atadhurika chuchu. "Mimi ni Mkristo, nasali kila siku," akasema, "lakini desturi hii nilifundishwa na mama mkwe wangu, na ng'ombe wenyewe hawajabatizwa."

Mjomba alijibu kabla hajamaliza kuulizwa. "Hapana, mama. Tangu jana ni ndizi tupu."

Baba alikitazama kibuyu. "Mimi nimekula maharage asubuhi," akasema. "Nitakunywa kesho, waitu." Nami nikasema nimekula. Basi Mjomba akanywa peke yake, kibuyu kizima, akijifuta midomo na kutukonyeza, na Baba akapewa maji.

Siku iliyofuata tulikwenda ziwani. Ni ziwa dogo, limezungukwa na mafunjo, si mbali na mto Kagera. Wanawake wameweka gogo mahali pa kuchotea maji, nalo linaingia majini kama gati. Lakini siku hiyo mawingu yalishuka, upepo ukavuma kutoka vilimani, na maji yakawa ya kijivu yenye mikunjo. Baba alikaa juu ya gogo tangu asubuhi, hata maziwa aliyoahidi kunywa akayasahau. Mimi na Mama Leokadia tulichota mtungi baada ya mtungi na kuumimina polepole. Maji, majani, kiluwiluwi mmoja. Mama Leokadia, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za Baba, aliona vibaya kwa ajili yetu. "Yakikosa jua yanashuka chini," akasema. "Au yamekwisha kwenda. Mwaka mmoja yalikuja, miaka mingi hayakuja."

Mjomba alikuwa katika raha yake. Alipiga mluzi. Aliwauliza wachungaji kama wamewahi kuvua suruali humo. Nilimtazama kwa jicho ambalo mama yangu angelitambua, lakini hakujali. Baba aliendelea kuyatazama maji. Tulipokuwa tunarudi aliniambia kwa sauti ndogo, "Sasa nimejua." Nilimwambia bado tuna kesho, kwa kuwa lori lilikuwa linapita njia panda keshokutwa. Akasema ndiyo, kwa namna ya mtu anayemkubalia mtoto. Nililia kidogo nyuma ya nyumba, kisha nikanawa uso.

Asubuhi ya siku yetu ya mwisho tuliamshwa na kelele zizini. Ng'ombe ambaye maziwa yake alipewa Mjomba alikuwa amemkataa mkamuaji. Alirusha teke, akamwaga kibuyu, na chuchu moja ilikuwa imevimba. Mama Leokadia alisimama akimpapasa mgongo na kusema naye kwa Kinyambo. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Sijui amepatwa na nini, mbona nimefuata kila kitu?"

Mjomba Felisiani aliitazama ile chuchu. Rangi ilimtoka. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," akasema, "ni maharage."

"Maharage gani?"

"Niliyokula. Nilikula kule Nyaishozi mchana, na asubuhi ile ya kufika kwako. Na nilirudia."

Hata ng'ombe alitulia. Kisha Mama Leokadia akaanza kucheka, taratibu, kwa mabega kwanza. Alimwambia chuchu itapona, inavimba mara nyingine hata bila wageni, lakini kwa kuwa ameikosea nyumba ya ng'ombe basi aitengeneze. Akampa jembe la kuzolea samadi. Ndipo akanigeukia mimi. "Koku, yule mnayemwita mwongo huko kwenu ni yupi? Ni huyu aliyejinyima maziwa kwa sababu ya maharage?"

Nilimtafsiria Mjomba kwa Kihaya, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana Kiswahili chake. Nilitaka alisikie mara mbili.

Jua lilipokuwa linapanda mawingu yaliondoka. Upepo ulikufa. Sisi tulikuwa uani tunachambua maharage, ndiyo, maharage tena, Baba aliponyanyua uso akaangalia mti ambao haukuwa unatikisika hata jani. Alisimama bila kuaga akaelekea ziwani. Nilimfuata mbio, na Mama Leokadia nyuma yangu, na nyuma ya wote Mjomba na samadi yake mpaka magotini.

Ziwa lilikuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Baba alikwisha lala kifudifudi juu ya gogo, uso karibu na maji, kanzu yake inaloa. Nikalala kando yake. Kwanza niliona taswira yangu. Halafu macho yakazoea, yakapita chini ya taswira, nikaviona.

Sijui niwaelezeje ninyi mliobaki nyumbani. Vilikuwa vinapanda kutoka gizani, kimoja, kisha vingine, kisha maji yote yakawa vifungo. Vilikuwa wazi kabisa, huoni mwili, unaona pindo tu, na pindoni nyuzi fupi nyororo ambazo hakuna mashine ya lesi itakayozishona. Kila kimoja kilijikunja, kikapanda kidogo, kikajiachia na kushuka polepole, kikajikunja tena. Havikuwa na haraka wala mahali pa kwenda. Niliingiza mkono, kimoja kikakaa kiganjani, na nikakisikia kikipiga, taratibu, kwenye ngozi yangu. Hakikuuma. Nilipoutoa mkono nilikuwa nimeshika tone la ute lisilo na umbo.

Baba alikuwa anacheka. Hakuwa anacheka kile kicheko chake cha kutufurahisha sisi. Kilikuwa kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, chembamba, cha kijana aliye peke yake katika mtumbwi. Machozi yalidondoka majini na hakuyafuta. "Ni vyenyewe," alikuwa anasema. "Koku, ni vyenyewe. Hata nyuzi."

Mjomba alisimama nyuma yetu. Nilisikia pumzi yake. Kisha gogo likazama kidogo, naye akapiga magoti na samadi yake, akatazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtupia, mengi, makali, ya njia nzima. Yote yaliniishia. Alinyoosha mkono akamshika Baba begani, akasema, "Shemeji." Basi, hilo tu. Baba akasogea ili ampatie nafasi.

Jioni ile Baba alikunywa maziwa. Hakuwa ameonja maharage tangu tulipofika. Hata yale ya uani aliyachambua tu. Alikunywa kwa macho yaliyofumbwa.

Safari ya kurudi ilikuwa ya Mjomba. Aligeuka mtu mwingine, au tuseme alikuwa yuleyule ila ameelekezwa upande mwingine. Alitaka ushahidi. Kabla hatujaondoka alikwenda ziwani peke yake, akamwaga rubisi yake, akasuuza kibuyu mara moja tu, akateka vifungo na maji yake. Baba alimwambia havitafika. Akasema vitafika. Alikipakata kibuyu hicho lorini kama mtoto mchanga, na kila tuliposimama alimsimulia aliyekuwa karibu, hata yule dereva wa zipu. Pale Kyaka watu walikusanyika na kumtaka afungue. Alikifungua, akamimina kwenye sahani. Palitoka maji yenye rangi ya chai na harufu ya pombe ya ndizi. Kibuyu cha rubisi hakisuuziki, kila Mhaya anajua hilo isipokuwa aliyekuwa na haraka. "Wamekufa wamelewa," Baba akasema, na lori zima likaanguka kwa kicheko. Mjomba hakucheka.

Nimeuliza habari za vifungo hivyo tangu siku hiyo. Mwalimu mmoja wa sayansi aliniambia kwamba vipo kweli, katika maziwa machache tu ya huku kwetu, na kwamba waliovichunguza wanahesabika. Hakuna anayejua sawasawa kwa nini vinakuja mwaka mmoja na kupotea miaka mingi. Fundi mmoja wa kutoka Tanga aliniambia baharini wapo ndugu zao wakubwa, wanaitwa yavuyavu, na wale wanawasha. Vya kwetu havina neno na mtu.

Jumapili baada ya misa watu walijaa kwetu, kama kawaida ya msafiri akirudi. Mama alileta rubisi na buni za kahawa. Kila mtu alimtazama Baba, lakini aliyesimama ni Mjomba Felisiani. Alisimulia vizuri, tena kwa heshima. Alieleza gogo, jua, nyuzi, hata jinsi kinavyopiga kiganjani. Kisha mzee mmoja akamwangalia kifuani akasema, "Felisiani, hebu tuhesabu. Vifungo vya shati lako vipo vyote?"

Nyumba ilicheka mpaka kuku wakakimbia uani. Mama alicheka akashika mlango. Mjomba aliapa, wakazidi kucheka. Alisema mwulizeni Koku, wakasema Koku ni damu yake. Nilimwona akigeuka huku na huku, jasho limemtoka, akitafuta uso mmoja tu unaomwamini, na nikajua kwamba anajifunza kwa dakika chache kile ambacho Baba alikijua kwa maisha yake yote. Mimi pia nilijifunza hapo, kuliko njia nzima ya Karagwe. Nilikuwa nadhani Baba anahitaji kuviona vile vitu tena. Si vitu hivyo alivyokuwa akihitaji zaidi.

Mwishowe Mjomba akamgeukia yeye. "Shemeji," akasema. "Waambie."

Baba alikuwa anatafuna buni ya kahawa. Hakuharakisha. Wote walisubiri atakavyomlipiza, nami nakiri nilisubiri kwa hamu. Alitema ganda kiganjani, akaliweka kando, akamtazama mtu aliyemcheka tangu siku ya harusi yake.

"Anasema kweli," akasema. "Nilikuwa naye."